Nani Anaamua Insha ya Mwanao? Maswali Kuhusu Majaji wa Mashindano ya Vijana

Barua za mashindano huingia ofisi ya mwalimu mkuu mwaka mzima. Umoja wa Posta Duniani hualika watoto wa miaka 9 hadi 15 kuandika barua, na umefanya hivyo tangu 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina shindano lake la insha kwa wanafunzi wa sekondari, na SADC ina la kwake. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola, linaloendeshwa na Royal Commonwealth Society ya London, lilianza 1883. Young Scientists Tanzania huwakusanya vijana wenye miradi ya sayansi, na Kenya ina tamasha la kitaifa la drama na filamu kwa shule. Halafu kuna yale madogo yasiyohesabika: la asasi ya mazingira, la redio ya mkoa, la benki, la ubalozi.

Mwisho wa yote huwa meza moja yenye watu watatu au watano. Mara nyingi utamkuta hapo mhariri wa gazeti, mtangazaji, meneja wa miradi wa asasi isiyo ya kiserikali, pengine na mwandishi wa vitabu. Hao ndio wanaoamua. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wazazi, walimu na vijana wenyewe. Machache ni ya watu walioombwa kuwa majaji kwa mara ya kwanza, ambao aghalabu huona haya kuyauliza.

Kwa nini jaji awe mwandishi wa habari au mtu wa asasi, asiwe mwalimu?

Walimu hawakosekani, na kwenye tamasha la drama au maonyesho ya sayansi utaalamu wao hauna mbadala. Ila mwalimu wa sekondari mara nyingi ana wanafunzi wake humo humo shindanoni, au anakutana na wa shule jirani inayompita kila mwaka kwenye matokeo ya Kidato cha Nne. Isitoshe, amezoea kusahihisha, na jicho lake hukimbilia kosa. Mtihani hupima mwanafunzi amefikia kiwango gani. Shindano huuliza ni kazi ipi kati ya hizi mia mbili inastahili kusomwa na watu wasiomjua aliyeiandika, na swali hilo mhariri hulijibu kila siku kazini kwake. Afisa wa asasi naye anakijua kinachozungumzwa. Kama mada ni mimba za utotoni au taka za plastiki, yeye ndiye anayeweza kusema kama alichokieleza kijana kinafanana na kinachotokea kweli huko wilayani.

Sababu nyingine haisemwi sana, nayo ni fedha. Asasi ndiyo iliyoandika andiko la mradi, mfadhili ndiye aliyetoa zawadi, na chombo cha habari kimeahidi kutangaza bure. Viti vya majaji hugawanywa kwa kuangalia hayo pia. Hakuna ubaya, mradi mambo yawe wazi tangu mwanzo.

Majaji wanatafuta nini hasa?

Anza kwa kusoma vigezo. Shindano la maana huvichapisha pamoja na tangazo, na usipoviona una haki ya kuviomba. Mfano mzuri ni Scholastic Art & Writing Awards ya Marekani, iliyoanza 1923 na inayopokea kazi za wanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili. Vigezo vyake ni vitatu tu: upya wa wazo, ufundi, na kuchomoza kwa sauti ya kijana mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo wameletewa hadithi, mashairi, michoro na sanamu, na vigezo vichache vikatosha. Truman Capote, Sylvia Plath na Andy Warhol walituzwa hapo wakiwa bado vijana.

Kwenye mashindano ya kwetu orodha huwa ndefu zaidi: kufuata mada, mpangilio, lugha, hoja, ubunifu, usafi wa kazi, wakati mwingine hadi mwandiko. Kila kigezo kina alama zake, na jumla ni 100. Lakini karatasi ya alama haisomi insha. Anayesoma ni mtu, na mtu huyo huja na mazoea ya kazi yake.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi na walimu watulie kidogo, kwa maana hapa ndipo vijana wengi hupotezwa. Mwandishi wa habari ana udhaifu wake: anapenda sentensi ya kwanza inayomshika shati msomaji, na anapenda kisa cha machozi. Baada ya kusoma insha arobaini zilizopoa, atampa alama nyingi yule aliyefungua kwa kifo cha mama, hata kama kurasa mbili zilizofuata hazina kitu. Mtu wa asasi ana udhaifu wa upande wa pili. Anapenda ujumbe. Akikutana na "usawa wa kijinsia", "ushirikishwaji wa jamii" na "mabadiliko ya tabianchi" katika aya moja, anahisi yuko nyumbani, kwa kuwa hayo ndiyo maneno anayoyaandika yeye mwenyewe kwenye ripoti ya robo mwaka.

Vijana si wajinga. Wakisoma insha zilizoshinda mwaka jana wanajifunza upesi majaji wanataka nini, na mwaka unaofuata unaletewa rundo la ripoti za miradi zilizoandikwa na watoto wa miaka kumi na sita. Linganisha mifano hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya makala haya. Wa kwanza: "Uhaba wa maji ni changamoto kubwa inayoikabili jamii yetu, hivyo wadau wote hawana budi kushirikiana na serikali ili kuleta maendeleo endelevu." Wa pili: "Kisima cha kwetu hufungwa saa kumi na mbili jioni. Ufunguo anao baba yake Neema, na Neema siku hizi ana marafiki wengi."

Sentensi ya kwanza haina kosa hata moja la sarufi, na hakuna binadamu ndani yake. Ya pili inasema habari ya maji, ya madaraka na ya ujanja wa watoto kwa maneno ishirini na moja tu. Jaji mwenye orodha ya "istilahi za mada" mkononi anaweza kabisa kuipa ya kwanza alama zaidi. Akifanya hivyo, amempa tuzo mtu aliyefaulu kuiga watu wazima. Kwa hiyo ukiulizwa na mwanao aandike nini, mwambie aandike kile anachokijua yeye ambacho jaji hakijui.

Inawezekanaje jaji mmoja atoe 80 na mwingine 45 kwa kazi ile ile?

Inawezekana, na wala si lazima kuwe na hila. Mwaka 1912 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott, walituma karatasi zile zile za mtihani wa Kiingereza kwa walimu zaidi ya mia moja ili wazisahihishe kwa asilimia. Alama za karatasi moja zilipishana kwa zaidi ya 30 kati ya mwalimu na mwalimu.

Jaribio lililo karibu zaidi na habari yetu ni la 1961. Paul Diederich na wenzake wa Educational Testing Service, shirika la mitihani la huko huko Marekani, walichukua insha 300 za wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo wakawapa wasomaji 53 kutoka fani sita, wakiwemo walimu wa lugha, wanasheria, wafanyabiashara, na waandishi pamoja na wahariri. Kila msomaji alipanga insha katika madaraja tisa kwa kadiri alivyoona mwenyewe, bila kupewa mwongozo. Asilimia 94 ya insha zilipata angalau madaraja saba tofauti. Hakuna hata moja iliyopata chini ya matano. Walipochambua sababu, waligundua makundi ya ladha: kuna waliovutwa na mawazo, waliovutwa na mpangilio, waliotazama makosa ya lugha, waliotazama uteuzi wa maneno, na waliofuata ladha ya uandishi wenyewe. Hakuna aliyekuwa amelala kazini. Kila mmoja alisoma kwa makini kitu tofauti.

Dawa inajulikana, ila inahitaji muda. Kabla ya kugawana rundo, majaji wote husoma kazi tano au sita zile zile, kila mmoja anatoa alama peke yake, kisha wanaziweka mezani na kubishana mpaka waelewane 70 ina maana gani. Ni kama wafanyabiashara kulinganisha mizani zao kabla soko halijafunguliwa. Baada ya hapo kila kazi husomwa na watu wawili wasioonana, na alama zao zikipishana sana, wa tatu huitwa.

Jambo jingine dogo huharibu matokeo bila mtu kujua. Tuseme jaji wa kwanza hutoa alama kuanzia 30 hadi 90, na wa pili, mpole, hutoa kati ya 65 na 75 kwa kila mtu. Ukijumlisha alama zao, aliyeamua mshindi ni yule wa kwanza karibu peke yake, na wa pili amehudhuria tu. Ndiyo maana waratibu wazoefu humtaka kila jaji apange kazi zake kwa nafasi, ya kwanza hadi ya mwisho, kisha hulinganisha nafasi badala ya alama. Muulize mratibu wa shindano analolishiriki mwanao anatumia njia gani. Akishangaa swali, umepata jibu.

Je, majaji wanajua jina la mtoto na shule anayosoma?

Hawapaswi kujua, kwa kazi za maandishi. Scholastic huficha utambulisho wa washiriki, na mashindano mengi ya insha hutumia namba: fomu yenye jina hubaki kwa mratibu, karatasi yenye namba humfikia jaji. Kwetu hili lina uzito wa pekee. Jina la shule maarufu ya bweni likisomeka juu ya karatasi, jaji huanza kusoma akitarajia uzuri, na likiwa la shule ya kata asiyowahi kuisikia huanza akitarajia makosa. Jina la ukoo nalo husema dini na kabila, na wakati mwingine husema baba ni nani.

Mwambie kijana asijitambulishe ndani ya insha yenyewe. "Mimi mwanafunzi wa shule fulani, mtoto wa diwani wa kata yetu" ni njia ya haraka ya kuondolewa shindanoni.

Jukwaani hakuna namba inayoweza kuficha sura wala lafudhi. Huko tatizo kubwa ni zamu. Wachumi Victor Ginsburgh na Jan van Ours walichunguza shindano la muziki la Queen Elisabeth la Ubelgiji, ambako zamu za wapiga piano hupangwa kwa kura, na mwaka 2003 walionyesha kwamba waliotangulia walikuwa na bahati ndogo kuliko waliofuata. Ikiwa majaji wa kiwango hicho huzuia alama mwanzoni wakingojea kitakachokuja, majaji wa shindano la mdahalo wilayani watafanya nini? Nafuu ni kupiga kura ya zamu mbele ya watu, na kuruhusu alama za wa kwanza zitazamwe upya mwishoni.

Jaji akimjua mshiriki?

Anasema, na anatoka kwenye kazi hiyo. Mpwa wake, mtoto wa bosi wake, kijana wa klabu inayolelewa na asasi yake: wote ni sawa. Katika miji yetu ambako kila mtu anamjua mtu, jaji asiyejulikana na yeyote hapatikani, hivyo kinachotakiwa ni tamko la maandishi mapema. Lile la mwisho, klabu za asasi, ndilo husahaulika zaidi. Asasi huendesha mafunzo kwa shule kumi, kisha hutangaza shindano la wazi kwa shule zote, kisha maafisa wale wale hukaa kuamua. Shule kumi zile hushinda, na kila mtu hupiga makofi.

Je, kazi inaweza kuzuiwa kabla haijafika kwa majaji?

Inaweza, na mara nyingi hutokea kimya kimya kwenye mchujo wa shule, ambako mwalimu huondoa insha "yenye siasa". Wakati mwingine haitokei kimya kimya. Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama la Kenya wakiwa na mchezo wa "Echoes of War", ulioandikwa na aliyekuwa seneta, Cleophas Malala. Kulikuwa tayari na amri ya mahakama kwamba waruhusiwe kuigiza. Malala alikamatwa na polisi, mabomu ya machozi yakafyatuliwa, na wasichana walipopewa jukwaa bila yeye waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya mwanasiasa kuandikia watoto wa shule mchezo, na maswali hayo ni halali. Lakini mahali pa kuyajibu palikuwa kwenye karatasi za majaji.

Mwanangu anatumia akili mnemba. Watamgundua?

Labda, na labda watamsingizia mwenzake asiyeitumia. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, kila mratibu anatafuta kipimo, na vipimo vilivyopo haviaminiki. Kampuni ya OpenAI, iliyoiunda ChatGPT, ilitoa chombo chake cha kugundua maandishi ya mashine, kisha ikakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha kwenye vipimo saba insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Kijana wa Singida au Kakamega anayeandika Kiingereza cha darasani, chenye sentensi fupi na msamiati wa kawaida, yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Jaji anayemwondoa mtoto kwa sababu programu imewaka taa nyekundu anamdhulumu.

Wala si insha tu. Mwaka 2023 mpiga picha wa Kijerumani, Boris Eldagsen, alishinda kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards, akaikataa tuzo na kueleza kuwa picha ile ilitengenezwa na akili mnemba. Majaji waliokuwa na macho ya kazi hawakuishtukia.

Njia inayofanya kazi ni ya kizamani. Mshiriki aliyefika fainali huitwa, huulizwa kwa upole ilikuwaje akachagua mfano huu, aliacha nini, rasimu ya kwanza ilikuwaje. Aliyeandika mwenyewe huongea hadi umkatishe. Mashindano mengine sasa huomba rasimu pamoja na kazi, na baadhi huwaandikisha insha washiriki wa fainali ukumbini kwa kalamu. Kwa mzazi, kanuni ni kusoma masharti: yapo mashindano yanayoruhusu akili mnemba kwa kusahihisha tahajia, na yapo yanayoikataza kabisa.

Kiswahili cha mtaani kinakatwa alama?

Inategemea kimewekwa wapi. Kondakta ndani ya hadithi akisema kama mhubiri wa Ijumaa, hadithi imekufa. Hoja ya insha rasmi ikiandikwa kwa lugha ya kijiweni, mwandishi hajajua anaongea na nani. Majaji wazuri hukubaliana mapema kuhusu hili, hasa kwenye mashindano yanayovuka mpaka, ambako neno la kawaida Mombasa huonekana kosa Dodoma, na kinyume chake. Kijana wa Lamu asikatwe alama kwa kusema kama nyanya yake.

Mtoto ameandika kwamba anadhulumiwa nyumbani. Jaji afanye nini?

Swali hili huwafika majaji wa mashindano ya vijana kuliko wanavyotarajia. Mada ikiwa "haki zangu" au "changamoto ninayopitia", ndani ya rundo patakuwa na karatasi isiyokuwa insha. Kijana ametafuta mtu mzima wa kumwambia, akampata jaji asiyemjua.

Hatua ya kwanza: usiipe alama ukaendelea na inayofuata. Mpe mratibu namba ya karatasi siku hiyo hiyo, yeye ndiye mwenye jina. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na ofisi ya ustawi wa jamii ndiyo hufuatilia. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, Tanzania na Kenya pia, na haina malipo. Usimwite mtoto mbele ya wenzake, usimpigie mzazi anayetajwa kwenye karatasi, wala usidhani mwalimu wa shule hiyo ni mtu salama kabla hujasoma vizuri kilichoandikwa.

Mwandishi wa habari akiwa ndiye jaji, kuna kishawishi cha ziada: hiyo ni habari kubwa. Haichapishwi. Aliipata akiwa jaji, kutoka kwa mtoto ambaye hakuzungumza na gazeti.

Wanaruhusiwa kuchapisha picha na kazi ya mwanangu?

Kwa idhini yako, ndiyo. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Fomu ya ushiriki inapaswa kueleza picha itatumika wapi na kwa muda gani, na mzazi anaweza kukubali mtoto ashiriki huku akikataa picha yake iwekwe kwenye bango la mfadhili.

Kuhusu kazi yenyewe, hakimiliki ni ya aliyeitunga, hata akiwa na miaka kumi na mitatu, na haihami kwa kuwa tu karatasi imetiwa kwenye bahasha ya shindano. Tazama masharti yanayosema "kazi zote zitakuwa mali ya waandaaji". Mara nyingi sentensi hiyo huwekwa kwa uvivu tu, na huweza kuondolewa ukiomba. Inatosha waandaaji wapewe ruhusa ya kuchapisha kazi zilizoshinda, kwa jina la mtunzi.

Je, kulipia ushiriki ni kawaida?

Kwa insha na barua za wanafunzi, mashindano makubwa niliyoyataja mwanzoni hayadai ada. Ada ndogo ya usafiri au mavazi kwenye tamasha ni jambo jingine. Ukiambiwa mwanao ameshinda na sasa utume fedha ili apate cheti, ngao au nafasi kwenye kitabu cha washindi, usitume. Na pale mshindi anapopatikana kwa kura za ujumbe mfupi wa simu, hapo hakuna jaji. Pana familia yenye salio na familia isiyo nalo.

Hakushinda. Tunaweza kukata rufaa?

Utaratibu unaweza kuupinga, ladha ya majaji huwezi. Kama kazi ilipotea, ikapewa namba ya mwingine, au jaji alikuwa mjomba wa mshindi, andika barua na utaje ushahidi. Kama unaona tu insha yake ilikuwa bora, rudi kwenye wale wasomaji 53 wa Diederich na uipeleke kwingine mwakani.

Unachoweza kudai kwa haki ni maoni. Orwell Youth Prize ya Uingereza, kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, huwapa washiriki nafasi ya kutuma rasimu na kurudishiwa maoni kabla ya kuwasilisha kazi ya mwisho. Kwetu mtoto hutuma insha na kungoja miezi, asisikie hata kama ilifika. Aya moja ya sentensi tatu kwa kila aliyefika mchujo wa pili haigharimu mfadhili chochote, na ingemfaa kijana kuliko fulana yenye nembo.

Nimeombwa kuwa jaji. Nikubali?

Piga hesabu kwanza. Insha ya maneno 1,000 husomwa kwa dakika tano, na dakika nyingine tano za kufikiri na kuandika alama. Kazi 120 ni saa 20. Usizisome zote kwa usiku mmoja, kwa sababu ile ya 90 itahukumiwa na mtu mchovu. Pitia kumi za kwanza tena baada ya kumaliza, kwa kuwa ulizisoma kabla hujajua nyingine zikoje. Andika sababu ya kila alama kwa sentensi moja, hata kama hakuna aliyekutaka kufanya hivyo. Siku ya kikao ukibanwa na jaji mwenye sauti kubwa, sentensi hiyo ndiyo itakayokusaidia.

Muulize mratibu mambo manne kabla ya kukubali: vigezo viko wapi, nani mwingine atasoma kazi nitakazosoma, nikimtambua mshiriki nimwambie nani, na mfadhili ana kauli gani kwenye orodha ya washindi. Kama jibu la swali la mwisho ni kwamba mfadhili "atapitia" orodha kabla haijatangazwa, kataa. Na kama huna hizo saa 20, kataa pia, tena mapema, ili mratibu apate mtu atakayezisoma kazi za vijana hadi mwisho.